Nachonga sura za watu kwenye mbao bila kusomea. Huyu Mholanzi wa mwaka 1640 alifanyaje?

Nyamizi wa Igoma

Wakuu habari za usiku. Wakubwa wangu shikamooni.

Mimi ni binti wa Igoma hapa Mwanza. Mchana nauza duka la vifaa vya shule, jioni nachonga. Siyo vinyago. Nachukua kipande cha plaiwudi au MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) kilichobaki kwenye karakana ya mjomba, nachora mtu kwa penseli, nachimba pale panapotakiwa kubaki peupe, napaka wino kwa rola ndogo ya rangi, nalaza karatasi juu, nasugua kwa mgongo wa kijiko. Ukibandua karatasi, mtu wako yuko pale, ila kageuka: aliyebeba ndoo kulia sasa kabeba kushoto. Patasi zangu ni njiti za mwavuli. Zile za chuma zenye mfereji katikati, unakata kipande, unanoa ncha kwenye jiwe, unaipigilia kwenye mpini wa mti. Zinakata kuliko mtu anavyodhani.

Nachonga watu tu. Akina mama wa Igombe wakianika dagaa, makuli wa Mwaloni, bodaboda waliolala juu ya pikipiki zao mchana pale Buzuruga. Sina hamu na twiga.

Yanayonikwaza ni mawili. Kwanza mikono. Sura naipata, kitenge nakipata, hata magamba ya sangara nayapata, lakini vidole vinatoka kama kichane cha ndizi. Pili, nilipeleka kazi sehemu moja hapa mjini wanapowauzia wageni picha. Yule dada akaniuliza nimesomea wapi. Nikamjibu nimejifunza mwenyewe. Akanirudishia bahasha, picha ya pili hakuitazama, akaongeza kwamba isitoshe hizi ni kopi, wao wanauza picha halisi.

Sasa juzi kwenye simu nimekutana na maelezo mafupi ya mwanamke wa Uholanzi, Anna Maria van Schurman, wa miaka ya 1600. Wanasema alijifunza mambo mengi mwenyewe, akachonga sura yake kwenye shaba na kuichapa. Ile sura imenikaa, macho yanakutazama hasa. Alijifunzaje? Nani alimfungulia mlango? Na kuna mtu humu amewahi kuiona kazi yake kwa macho yake? Naomba kuwasilisha.

Kasheku

Dada, ushauri wa bure: chora jiwe la Bismarck, jua linazama, mtumbwi mmoja mbele. Wageni wananunua hiyo hiyo kila siku. Hao wabeba mizigo wa Mwaloni nani atawatundika sebuleni? Edward Saidi Tingatinga naye hakusomea popote, lakini aliuza wanyama na ndege, na jina lake linakula hadi leo. Biashara kwanza, sura za watu baadaye.

Nyamizi wa Igoma

Kaka Kasheku ahsante, jiwe la Bismarck lina wachoraji wake, hawajapungua. Nasubiri wanaomjua huyu mama.

Mama Furu

Marhaba mwanangu. Mimi nimeiona, na siyo kwenye simu.

Nikwambie nilifikaje huko. Nimekulia Nyegezi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walianza kazi pale mwaka 1977, wakichunguza furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa Ghuba ya Mwanza. Mimi niliingia baadaye kidogo, nikiwa msichana wa kupima samaki kwa rula na kuandika kwenye daftari. Siku moja mmoja wao akakuta nimechora furu pembeni ya ukurasa, akanipa kalamu yenye ncha kama sindano na wino mweusi. Kazi yangu ikawa hiyo. Samaki wa kitaalamu hachorwi kwa kupaka kivuli, anachorwa kwa nukta. Nukta zikisongamana unapata giza, zikiachana unapata mwanga. Tumbo la furu peke yake linakula siku nzima, na ukipiga nukta moja vibaya karibu na jicho, samaki anaonekana amekasirika. Wengine kati ya niliowachora hawakuonekana tena kwenye nyavu baada ya sangara kujaa, lakini hayo yana uzi wake.

Basi wakanipeleka Leiden kwa mafunzo mafupi. Mama mmoja wa maabara, akijua ninavyopenda mistari, akanichukua kwenda kutazama chapa za zamani. Ndipo nikamkuta Anna Maria wako wa mwaka 1640.

Usitegemee kitu kikubwa. Ni karatasi ya ukubwa wa daftari la shule hivi. Mwanamke wa miaka 33, nywele za mawimbi, kola nyeupe pana, anakutazama bila kutabasamu na bila kununa. Mimi sikuangalia sura kwanza, niliangalia shavu. Mistari myembamba sana, inafuata mviringo wa shavu jinsi lilivyo, na inapoingia kivulini inakuja mistari mingine kuikata. Kila mstari umesukumwa kwa mkono ndani ya bamba la shaba. Mimi niliyetoka kupiga nukta nilijua pale pale huyu amekaa chini muda gani. Chini ya picha ameandika kwa Kilatini, niliyekuwa naye akanitafsiria: sura yangu hiyo mnaiona, kama sanaa imeinyima uzuri, hisani yenu itaupa. Ameomba radhi na kujigamba kwa pumzi moja. Nilimpenda hapo.

Sasa maisha yake. Alizaliwa Cologne, Ujerumani, mwaka 1607, familia ya Kiprotestanti yenye uwezo. Bado mdogo wakahamia Utrecht, Uholanzi. Baba alikuwa akiwafundisha kaka zake Kilatini, siku moja kaka wamekwama na swali, yeye pembeni akajibu. Kuanzia hapo baba akamfundisha naye. Baba huyo huyo, alipokuwa anakufa mwaka 1623, alimwasa asiolewe. Hakuolewa. Sina la kusema juu ya hilo, wewe mwenyewe pima.

Lugha alizojifunza zitakuchosha: Kilatini, Kigiriki, Kiebrania, Kiarabu, Kisiria, na Kigeez, ile lugha ya kanisa la Ethiopia. Ndiyo, Mholanzi wa karne ya 17 aliandika sarufi ya lugha ya Waafrika. Kwa bahati mbaya muswada umepotea. Kwa mikono yake alikata karatasi kwa mkasi, alitarizi, alichonga mti mgumu na pembe, alifinyanga nta, alichora kwenye bilauri kwa ncha ya almasi. (Sisi tuna Mwadui hapo Shinyanga na hakuna aliyewahi kuniletea hata punje.) Inasimuliwa kwamba Honthorst, mchoraji mkubwa wa Utrecht, alikithamini kichongo chake kimoja cha mti kwa gilda elfu moja, fedha ya Uholanzi ya wakati ule.

Kuhusu kujifunza mwenyewe, usimeze kila kitu. Kwenye nta ni kweli. Uzeeni aliandika kitabu cha maisha yake, Eukleria, kikatoka mwaka 1673, na humo anaeleza kwamba mengi ya nta ilibidi ayagundue mwenyewe kwa kuwa hakuwa na wa kumwonyesha. Lakini kwenye shaba alikuwa na jirani. Pale Utrecht kulikuwa na ukoo wa van de Passe, wachonga shaba baba na watoto, nao walitokea Cologne kama familia yake. Binti yao Magdalena, aliyemzidi miaka michache tu, ndiye anayetajwa kuwa alimwonyesha. Hakukaa darasani na hakuwa na cheti. Alikuwa na mwenzake mwenye chombo mkononi, akatazama, akaenda nyumbani akafanya. Wewe nani anakuonyesha? Mjomba wa karakana anajua mbao, huyo ni mmoja. Mwenye wino ni nani?

Jambo ninalotaka ulishike ni hili. Mwaka 1636 Utrecht walifungua chuo kikuu. Walimwomba yeye aandike shairi la Kilatini la ufunguzi, naye humo humo akalalamika kwamba wanawake hawaruhusiwi kuingia. Wakamruhusu kuhudhuria mihadhara, ila akae nyuma ya kizuizi, asionekane na wanafunzi wa kiume. Msomi kuliko nusu ya waliokuwemo, kafichwa kama mwali! Na miaka hiyo hiyo mwanamke huyu anachonga sura yake kwenye shaba. Picha ya rangi ingekuwa moja, ingebaki ukutani kwake. Bamba la shaba linatoa karatasi nyingi. Karatasi zikaingia kwenye bahasha pamoja na barua zake, zikawafikia wasomi wa nchi nyingine ambao hawakuwahi kukanyaga Utrecht. Walimfahamu kwa uso. Chumba kilichomficha kilikuwa kimoja, na sura yake ilikuwa kwenye meza nyingi.

Kwa hiyo yule dada aliyekwambia hizi ni kopi amekutajia faida yako akidhani anakutajia kasoro. Mama wa Igombe uliyemchonga mpe nakala yake. Mpe na yule wa jirani yake. Zibandike kwenye saluni, kwa mshona nguo, kwenye ofisi ya soko kama watakubali. Usingoje mtu mmoja mwenye ukuta wake akuruhusu.

Na mikono: ana chapa ya awali zaidi, ya mwaka 1633. Tafuta uitazame. Mikono haionekani! Ameificha. Rafiki yake mshairi, Constantijn Huygens, alimtania kwa mashairi kwa ajili hiyo. Na ya 1640 ameishia kifuani. Mtu aliyeandika sarufi ya Kigeez amekwepa vidole, nawe unalia.

Bulugu_77

Mama Furu nakuheshimu, simulizi tamu. Ila tuseme ukweli wote. Huyo alikuwa mtoto wa tajiri. Hakulipa kodi ya chumba, hakuamka alfajiri kufungua duka la madaftari. Shaba, vitabu, muda, vyote anavyo. Ukimpa binti wa Igoma mfano huo unamwonea. Wangapi Utrecht waliokuwa wakichota maji na kufua walikuwa na mikono mizuri kuliko yake na hatuwajui majina?

Mama Furu

Bulugu, hapo sibishani. Mali ilimbeba, na hao wafuaji ni kweli hatuwajui. Ila usimfanye mtu wa kukaa kwenye kiti tu. Mama yake alipofariki mwaka 1637, nyumba ikamwangukia yeye, pamoja na dada wawili wazee wa mama yake ambao macho yalikuwa yamekwisha. Aliwauguza karibu miaka 20. Kazi zake nyingi ni ndogo ndogo, na mimi nikiangalia ukubwa wake naona mtu anayeitwa kila baada ya muda kutoka chumba cha pili. Uzeeni, amekwisha kuvuka 60, akaachana na sifa zote, akahamia kwenye jumuiya ya mhubiri Jean de Labadie, wakawa wanahamahama hadi Wieuwerd kule Friesland, akafia huko mwaka 1678. Marafiki wake wasomi walikasirika sana. Yeye akawajibu kwa kile kitabu.

Na cheti, Nyamizi, nilisahau: chama cha wachoraji cha Utrecht, kile cha Mtakatifu Luka, kilimpokea miaka ya 1640, wakati kazi zake tayari watu wanazo. Walimfuata yeye.

FundiOfseti

Dada Nyamizi, mimi nina mashine ya uchapaji, kadi za harusi, risiti, kalenda za vyama vya siasa wakati wa uchaguzi. Mambo ya Uholanzi siyajui, lakini wino naujua, na kuna kitu lazima ukielewe kabla hujajaribu kuiga ile picha ya shaba.

Shaba na mbao zinafanya kazi kinyume. Kwenye mbao yako wino unakaa juu, kwenye sehemu ulizoacha. Ndiyo maana kijiko kinatosha. Kwenye shaba wino unaingia ndani ya mfereji uliochongwa, juu unafutwa kwa kitambaa mpaka bamba ling'ae, halafu karatasi iliyoloweshwa kidogo inabanwa kwa nguvu kubwa iingie kwenye mfereji na kunyonya wino. Kijiko hapo hakifui dafu. Kwa hiyo mstari mwembamba kama unywele alioupata yeye, wewe kwenye plaiwudi ungelazimika kuchimba pande zote mbili za huo unywele ukauacha umesimama. Utavunjika. Plaiwudi ile ya juu inabanduka vipande ukikata kukatisha nyuzi. Baki na MDF, haina nyuzi, inakubali kukatwa upande wowote, ila inatia ncha ubutu haraka, noa mara kwa mara.

Vidole vyako navihisi tatizo lake bila kuviona. Unachonga mstari kuzunguka kila kidole, sivyo? Acha. Fanya kiganja chote kiwe cheusi, halafu toa mwanga tu: ukucha, fundo la kidole, ukingo mmoja unaopigwa na jua. Tafuta picha za John Muafangejo wa Namibia, aliyefariki mwaka 1987. Alikata lino (linoleamu, ile ya kutandika sakafuni), nyeusi na nyeupe tupu, watu wamejaa ukurasa na maneno ameyachonga humo humo ndani ya picha. Hakuna kivuli hata kimoja cha kubembeleza. Huyo yuko karibu na zana zako kuliko mama wa Utrecht.

Ukiutaka mstari wa shaba kwa bei ya Igoma, kuna njia. Sisi tukimaliza kazi ya ofseti, bamba za alumini tunazitupa au tunawauzia wa chuma chakavu. Ni laini. Kwaruza na sindano nene iliyofungwa kwenye kijiti, utapata mfereji. Mashine ya kubana ndiyo shida, lakini ile mashine ndogo ya tambi ya kuzungusha kwa mkono, yenye rola mbili za chuma, inabana kibamba cha upana wa kiganja. Weka kipande cha blanketi juu ya karatasi. Hutapata nakala nyingi, alumini inachoka mapema, mistari inafifia. Kumi za kwanza ndizo nzuri.

Wino usinunue wa rangi za maji za shule, unakauka kabla hujalaza karatasi. Wino wa ofseti ni wa mafuta, unakupa nafasi ya kusugua taratibu. Mabaki ya kopo yapo. Kusafisha ni mafuta ya taa au hata mafuta ya kula na kitambaa, na usiweke chapa juu ya chapa kwa siku kadhaa.

Kuhusu kopi: fotokopi inatoka kwenye picha iliyokwisha kuwepo mahali pengine. Chapa yako haipo mahali pengine. Kipo kibao tu, nacho kimegeuzwa. Kila karatasi ni kazi yenyewe. Ukitaka kuwanyamazisha wenye maduka, amua utatoa ngapi, andika chini kwa penseli 1/20, 2/20 mpaka mwisho, tia sahihi, halafu usichape ya 21. Hiyo ni desturi inayojulikana duniani kote, mgeni akiiona haulizi umesomea wapi.

Kasheku

Fundi, hiyo mashine ya tambi ikiharibika mke akuulize nini?

FundiOfseti

Ndiyo maana nimemshauri yeye, sijajishauri mimi.

Nyamizi wa Igoma

Mama Furu, Mungu akuweke. Nimekesha. Nimeitafuta ile ya 1633 na kweli mikono haipo, nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Bulugu, umesema kweli na sijaumia. Najua sina shaba wala baba wa kunifundisha Kilatini. Ila kilichonishika siyo utajiri wake, ni zile bahasha. Mimi nauza bahasha! Zimejaa rafuni kwangu. Nimeamua mama wa dagaa atakuwa mdogo, nusu ya daftari, aingie kwenye bahasha bila kukunjwa. Ishirini. Tano za akina mama wenyewe wa Igombe, maana mmoja aliwahi kuniuliza, "Unanichora halafu napata nini?" na sikuwa na jibu.

Fundi, kiganja cheusi nimejaribu jana usiku kwenye kipande cha pembeni. Mwanga wa ukucha na fundo tu kama ulivyosema. Kimekaa. Bado kidole gumba kinaelekea kusikojulikana, lakini sasa ni mkono wa mtu. Naweza kuja Jumamosi na kibao nione huo wino wa mafuta?

Mama Furu

Kidole gumba mwangalie mwenyewe yule mama anavyoshika ungo, usikichore kwa kukumbuka. Mimi furu sikuwahi kumchora bila kumweka mbele yangu, hata akianza kunuka. Na moja kati ya hizo ishirini ni yangu, nitalipa.

FundiOfseti

Jumamosi njoo baada ya saa nane, asubuhi nina kadi za send-off za watu. Lete kibao, lete vitambaa chakavu vingi. Karatasi njoo na zako, za kwangu nauza.